Mwanamume Aliyefumba Macho

Mpunga ukishaanza kuinamisha vichwa pale Kulesa, usimtafute mwanamke nyumbani kwake. Utampata bondeni, juu ya dungu la miti ya mkoma, kombeo mkononi na vidonge vya udongo vimerundikana miguuni, anaamia ndege. Kwelea hawana dini. Wakitua mara moja tu pasipo mtu wa kuwafukuza, jasho la miezi yote limekwenda, na watoto watakula ndizi mpaka mafuriko mengine. Basi wanawake wa Kulesa walikuwa na sauti za kufika mbali, na waume zao hawakuhitaji kuambiwa hilo.

Ilikuwa miaka ile Wadachi wamekwisha kuondoka Witu na Waingereza wamekwisha kuingia, na sotoka imewafagia ng'ombe wa Waorma, hata wafugaji waliokuwa hawajui jembe wakashuka mtoni kutafuta kibarua cha chakula. Bonde la mpunga lilikuwa mkondo wa zamani ambao mto Tana uliuacha ulipoamua kupita kwingine. Lilikuwa refu na jembamba, kutoka ukingoni mwa mto hadi mbuga inakoanzia, na madungu yalijipanga humo moja baada ya jingine, kila moja likisikia sauti ya jirani yake tu. Dungu la kwanza, la mtoni, lilikuwa la Mwanatumu. Dungu la mwisho, la mbugani, lilikuwa la Darmi, mwanamke wa Kiorma aliyefiwa na mifugo yake yote. Darmi na wenzake walilala hukohuko mbugani, na Mwanatumu hakuwa na safari ya kumpeleka huko, kwa hiyo wawili hawa walikuwa hawajawahi hata kusalimiana.

Mwanatumu alikuwa mtu wa Kipini, aliyeletwa Kulesa akiwa bibi arusi. Alikuwa na ulimi wa tenzi. Bibi yake alimfundisha namna ya kupanga beti kichwani wakati mikono inasuka mkeka, na mikono ya Mwanatumu haikuwa imekaa bure maishani mwake. Msimu mmoja, jirani yake wa dungu la pili, Tuneya, alisinzia akaanguka chini kifudifudi, matope mpaka masikioni. Mwanatumu alicheka hata akashika mbavu. Kisha, ili shoga yake asilale tena, akaanza kumwimbia kisa cha Mahmud na Madina, ubeti mmoja baada ya mwingine, katikati ya kurusha vidonge.

Tuneya hakulala tena. Mwanamke wa dungu la tatu akapiga kelele kuuliza wanacheka nini. Tuneya akamrushia ule ubeti. Wa tatu akamrushia wa nne. Baada ya siku chache ikawa ndiyo desturi ya bonde zima: Mwanatumu anatoa ubeti, Tuneya anaupokea na kuusukuma mbele, na ubeti unakwenda dungu kwa dungu, juu ya vichwa vya mpunga, mpaka unaishia mbugani kwa Darmi na wenzake.

Siku Mahmud alipomuaga Madina ili apande mto, Mwanatumu alitoa ubeti wa mwisho akanyamaza, akachukua kibuyu anywe maji. Alikuwa amekwisha kunywa na kujifuta mdomo aliposikia, mbali sana, upande wa mbugani, vilio vya wanawake. Mwanzoni alidhani kuna mtu kaumwa na nyoka. Tuneya akamgeukia, macho yamemtoka.

"Shoga, wanamlilia Mahmud!"

Mwili wa Mwanatumu ulimsisimka kutoka kisogoni hadi nyayoni. Maneno yaliyotoka kinywani mwake yametembea peke yao hadi mahali ambapo yeye hajakanyaga, yakaingia kwa watu asiowajua, yakawatoa machozi. Aliogopa, na alifurahi, na hakujua lipi lilikuwa kubwa zaidi. Kwelea wakapata mlo wao pale wakati yeye ameduwaa.

Jambo ambalo bonde zima halikulijua ni kwamba Mahmud hakubuniwa. Mahmud alikuwa Omar.

Omar alikuwa mume wa Mwanatumu, kijana wa Kulesa aliyekuwa akishusha mpunga Kipini kwa mtumbwi. Alimwoa huko, akamleta huku, na hata mwaka haukutimia akapanda mto na wasafiri wa pembe za ndovu. Walionekana Ndera. Walionekana wakipita Hola. Baada ya Hola hakuna mtu aliyesema amemwona. Hayo yalitokea kabla ya Arafa, binti wa Tuneya, kuzaliwa, na sasa Arafa alikuwa msichana wa kuposwa. Watu wa Kipini walikuja zaidi ya mara moja kumchukua Mwanatumu, akawapikia, akawashukuru, akawasindikiza ukingoni, akarudi ndani kwake.

Sasa sikia balaa lililomkuta. Siku moja, msimu uliotangulia, aliketi akitaka kumkumbuka Omar, akaikuta mikono yake. Akakuta mgongo wake akisukuma mtumbwi kwa upondo. Akakuta namna anavyokohoa kidogo kabla ya kuingia nyumbani, kana kwamba nyumba si yake. Uso hakuukuta. Alitafuta kama mtu anavyotafuta sindano mkekani, akipapasa polepole, na hakukuwa na kitu.

Na kosa lilikuwa la malezi yake, ingawa alikuwa amelelewa vizuri. Bibi arusi wa Kipini hamkazii mumewe macho. Hutazama mkeka, hutazama mikono ya mume ikimega chakula, na akisemeshwa hujibu huku ameinama. Haya hiyo huisha yenyewe miaka ikienda, watoto wakija, mume akizeeka na kuanza kukoroma. Mwanatumu hakupewa miaka. Alibaki na mikono.

Ndipo akamtia Omar katika utenzi, akampa jina la Mahmud, amhifadhi angalau kwa kile kilichobaki. Kila alichokikumbuka alikitia humo, hata mambo madogo yasiyo na maana. Kulikuwa na ubeti mmoja wa namna hiyo, aliouona wa kujazia tu, kuhusu ndizi ya kuchoma. Omar akiila ndizi na mkewe huivunja vipande viwili, hukiweka kimoja kiganja hiki na kingine kiganja kile, hufumba macho, hupima uzito, kisha humpa mkewe kilicho kizito.

*Wakiwa ndani ya nyumba,*
*ndizi kavunja, ya shamba,*
*mato yake kayafumba,*
*kizito ni cha Madina.*

Uso hakuugusa. Aliapa hatasema neno juu ya uso, maana aliogopa kitu kimoja kuliko vyote: akimpa Mahmud uso wa kubuni, huo wa kubuni utakaa mahali pa ule wa kweli, na ule wa kweli hata ukitaka kurudi utakuta pana mtu.

Na mpunga ukaiva. Kisa nacho kikaiva. Mwanatumu alikuwa amekipeleka hadi mahali ambapo miaka imepita, na wanaume watatu wametokea mlangoni kwa Madina, kila mmoja ameungua jua, kila mmoja ana ndevu, kila mmoja anaapa kwamba yeye ndiye Mahmud. Madina amchague mumewe. Kwa alama gani? Hapo Mwanatumu akakwama. Siku ya kwanza alisingizia koo. Siku ya pili koo likawa bado.

"Koo gani hilo linalokula wali?" Tuneya alimuuliza walipokutana chini kupumzika. "Sema tu. Ni yule mwenye mabega mapana. Kila mtu anajua."

"Mabega gani?"

"Mabega ya Mahmud! Mapana hivi. Kama ya Kuno alipokuwa kijana, kabla tumbo halijatangulia."

Kuno alikuwa mumewe Tuneya, na alikuwa amekaa kivulini hatua chache kutoka hapo akifuma mgono wa samaki, akijifanya hasikii. Kuno alikuwa mkono wa birika, mtu wa kuhesabu samaki kwenye sahani ya mgeni. Mwanatumu alimtazama, akamtazama Tuneya.

"Tuneya, sikusema kamwe habari ya mabega."

"Ulisema."

"Sikusema."

"Basi nani aliniambia?" Tuneya aliuliza, na mwenyewe akaanza kufikiri, uso umemkunjamana.

Nani aliyemwambia? Swali likapanda madungu. Ubeti haukuwepo, basi wanawake wakapelekeana ugomvi badala ya ubeti. Wa dungu la tatu akaapa Mahmud ana kovu kwenye paji la uso. Wa nne akasema kovu liko kwa mwendawazimu aliyemwona, Mahmud ni mweusi wa kung'aa na hana hata baka. Wengine wakasema mrefu, wengine wa kadiri. Walirushiana maneno mpaka makombeo yakalala mapajani, na kwelea, ambao hawakuwa na upande katika jambo hilo, wakashuka kama mkeka uliotandikwa. Kuno ndiye aliyeruka na kupiga makelele.

"Wanakula! Wanakula mpunga wetu kwa ajili ya mwanamume asiyekuwapo!" Kisha akamjia Mwanatumu, akapunguza sauti. "Shemeji, nakuomba. Mmalize huyo mtu. Mwozeshe, mzike, mtupe kwa mamba, lolote. Lakini mmalize kabla hatujavuna makapi."

Kuno alikuwa na haki. Mwanatumu alijua hivyo, na maji yalikuwa yamemfika shingoni. Akiendelea kunyamaza, bonde litaliwa. Akimpa Mahmud mabega ya Kuno, au kovu, au lolote lile, Omar atakuwa amekufa mara ya pili na safari hii kwa mkono wake.

Jua lilipopanda na ndege wakaenda kujificha vivulini, alishuka, akafunga kanga yake kiunoni, akashika njia ya tutani kwenda upande wa mbugani. Alitaka kuwauliza wenyewe mmoja mmoja. Labda, alijidanganya, kuna kitu alikisema mwanzoni akakisahau, na mmojawao amekishika.

Hakuwa tayari kwa alichokikuta.

Wa kwanza kuulizwa alikuwa Arafa, aliyepewa dungu lake mwenyewe mwaka ule. Msichana aliinamisha kichwa, akachora mti wa dungu kwa ukucha.

"Mwembamba," alisema. "Ana mwanya. Akicheka huziba mdomo kwa mkono kwa sababu ya huo mwanya, mama, lakini asingeziba, maana ndio unaompendeza."

Ng'ambo ya pili ya mto kulikuwa na kijana mmoja mwembamba aliyekuwa akitega samaki na kucheka akiwa ameziba mdomo. Mwanatumu alimjua. Akaendelea na safari.

Dungu lililofuata mwanamke alimpa Mahmud mwenye mvi, kwa kuwa, alisema, mume asiye na mvi ana kelele nyingi. Mbele yake mjane mmoja alieleza uso wa Mahmud taratibu, nyusi, pua, kidevu, hata namna sikio la kushoto lilivyokunjika juu, na alipofika kwenye sikio akashindwa kuendelea, akavuta kanga akajifunika. Mwanatumu alimshika mguu pale juu ya dungu, hapo tu mkono ulipofika, akausubiri ule mguu uache kutetemeka. Huko mbele zaidi Mahmud alikuwa mwimbaji. Kisha akawa mwindaji wa viboko. Kila mwanamke alikuwa akiupokea ubeti na kuusukuma kwa jirani, na kila mmoja, pasipo kukusudia kutia chumvi, alikuwa ametia mtu.

Mwanatumu alitembea juu ya tuta. Alikuwa amedhani anamlinda mwanamume mmoja. Kumbe bonde zima lilikuwa limejaa wanaume, waume waliokufa na waume walionenepa, kaka waliopotea, vijana wasiotajwa majina, wote wakipita humo katika beti zake kwa mlango mmoja aliouacha wazi. Aliuacha wazi kwa woga. Wao waliingia wote. Alijiona mdogo sana, na alishangaa kwa mshangao ambao mtu huusikia kifuani msikitini, mahali pakubwa, watu wengi wanapoinama pamoja.

Lakini alama ya Omar hakuipata. Na tuta likaisha, na akafika dungu la mwisho.

Darmi alikuwa mwanamke mrefu, amekaa wima kama aliye juu ya ngamia, nywele zake zimesukwa vizuri. Kiswahili chake kilikuwa cha kuokota mtoni, kifupi, na kila neno alilipima kabla ya kulitoa. Mwanatumu alijitaja jina. Darmi alimtazama kitambo, kisha akamnyooshea mkono ampandishe.

"Wewe ndiyo mdomo wa kwanza," alisema. "Panda, dada."

Mwanatumu alipanda. Waliketi bega kwa bega, miguu inaning'inia, mbuga mbele yao imenyooka mpaka macho yachoke. Mwanatumu alikwenda moja kwa moja kwenye jambo lake.

"Nimekuya kukuuliza. Mahmud, kwako wewe, yukoje?"

Darmi alitikisa kichwa. "Mimi sijaona yeye."

"Hujamwona?"

"Hapana mtu wa huku ameona. Sisi tunangoja."

"Mwangoja nini?"

"Tunangoja Madina." Darmi alishangaa kuulizwa. "Madina ndiyo iko ndani ya nyumba. Sisi tuko nje. Yeye bado anatazama chini, anatazama mkono tu. Yeye akiinua macho, sisi tutaona."

Mwanatumu alihisi kitu kimemgonga, hakujua bado kiko wapi.

"Na kwetu iko hivyo," Darmi aliendelea. "Bibi arusi hatazami mume. Mimi, wangu, miezi mingi nilijua viatu vyake tu. Kama angeibiwa viatu, mimi ningepotea." Akacheka, na Mwanatumu akacheka naye. "Kwa hiyo sisi hapa tulipenda sana yule Mahmud. Sababu ya ndizi."

"Ndizi?"

"Ile anavunja. Anafunga macho."

"Alikuwa apima," Mwanatumu alisema. "Afumba mato apime kizito ni kipi."

Darmi alimgeukia kabisa. Alimtazama jinsi mtu anavyomtazama mgeni aliyeuliza mto uko wapi na huku amesimama ndani yake.

"Dada. Wewe ndiyo umesema maneno haya, na hujui?" Aliweka viganja vyake viwili wazi mapajani. "Ndizi ni kitu cha kuona. Mtoto anaona kipande kikubwa. Mwanamume hafungi macho kwa ajili ya ndizi. Alifunga macho ili mke wake apate kumtazama."

Mwanatumu alivitazama vile viganja.

"Mke ana haya," Darmi alisema polepole. "Mume anajua mke ana haya. Hawezi kumwambia, nitazame. Basi anafunga macho, anakaa hivyo, anampa nafasi. Sisi hapa tulijua siku ileile. Tulilia."

Mwanatumu alishika mti wa dungu asianguke. Kwa maana alikuwa amemtazama. Ndiyo, alikuwa amemtazama! Kila mara Omar alipofumba macho juu ya vipande vya ndizi, yeye aliinua macho yake haraka, akaiba, akayashusha kabla hajakamatwa. Na kwa kuwa aliamini ni wizi, na kwa kuwa alilelewa vizuri, aliona aibu, akayaficha yale aliyoyaona, akayaficha mbali na kila mtu mpaka na yeye mwenyewe. Alidhani mumewe ni mtu wa kuchelewa tu. Mara nyingine Omar alikaa amefumba mpaka ndizi ikapoa, na yeye akimtazama kidogo na kuinama, kidogo na kuinama, akijiuliza inakuwaje mtu mzima ashindwe kupima ndizi.

Hakuwa ameiba kitu. Alikuwa akipewa, na mpaji alikaa palepale, mikono wazi, akisubiri achukue.

Uso ukaja. Haukuja kwa kishindo. Ulikuja jinsi mtu anavyoingia nyumbani kwake baada ya kukohoa kidogo mlangoni: kope zimefumba, majivu ya jikoni yamegusa moja, na pembeni mwa mdomo kicheko kinazuiwa kwa nguvu zote. Kisha paji, kisha pua, kisha vyote. Vilivyobaki havisimuliwi hapa, ni vyake. Mwanatumu alilia kwa sauti, palepale, mbele ya mtu aliyekutana naye mchana uleule. Darmi alimshika mkono, akaelewa Mahmud alikuwa nani, akatazama mbuga.

Vivuli vilipoanza kurefuka, kwelea wa kwanza walionekana wakija. Bondeni wanawake walianza kupanda madungu yao. Mwanatumu alijifuta uso, akasimama wima juu ya dungu la mbugani, na kwa mara ya kwanza tangu utenzi uanze, ubeti ukatolewa upande usio wake. Ulimpita Darmi, ukashikwa na dungu la pili kutoka mwisho, ukarudi nyuma kuelekea mtoni. Ilikuwa ni kama mto umegeuka kupanda, na wanawake, walipoelewa kinachotokea, walianza kupiga vigelegele kabla hata ya kusikia maneno.

Madina aliwaketisha wale wanaume watatu. Hakuwauliza majina wala nasaba. Alichoma ndizi, akampa kila mmoja yake, akainama akatazama mkeka. Wa kwanza akaila yote. Wa pili akaivunja, akampa nusu, nusu ya haki, akimkodolea macho aone kama anasadikiwa. Wa tatu akaivunja, akaweka vipande viganjani.

Mwanatumu alinyamaza kidogo hapo avute pumzi. Na katika kimya hicho sauti ikatoka katikati ya bonde, sauti ya Arafa, haikungoja zamu yake, "Amefumba! Amefumba macho!" Nyingine ikadakia, na nyingine, mbele na nyuma, mpaka bonde lote likawa linampigia kelele Mwanatumu ubeti ambao alikuwa hajausema. Ndege waliokuwa wanashuka waliinuka kwa pamoja wakageuka. Hakuna kidonge kilichorushwa.

Alingoja wanyamaze. Kisha akatoa wa mwisho.

*Madina akatizama,*
*pasi uso kuinama,*
*kamjua mume mwema:*
*ndiye huyu, nimemwona.*

Ubeti ulikwenda. Aliusikia ukipita dungu kwa dungu, ukififia, ukienda kwa yule mjane wa sikio lililokunjika, ukienda kwa Arafa, na kila mahali ulipofika palikuwa na kimya, kisha sauti ya mtu aliyemwona mtu wake. Darmi alikuwa amefumba macho. Mwanatumu hakumuuliza anamtazama nani.

Waliovuna mpunga mwaka ule walivuna vizuri, na Kuno alijisifu kwamba yeye ndiye aliyeokoa bonde. Siku ya kupura, Tuneya alimvuta Mwanatumu pembeni, nyuma ya lundo la mabua, huku akitazama kulia na kushoto.

"Shoga, nikwambie kitu usimwambie mtu. Jana nimechoma ndizi. Kuno kaichukua, kaivunja. Nikasema, haya, leo nitapewa ganda." Alijishika kifua. "Akafumba macho."

"Kuno?"

"Kuno! Kumbe alikuwa anasikiliza siku zote pale na mgono wake. Amefumba, amekaa, mikono inamtetemeka maana kile kizito kinamuuma kukitoa, lakini amefumba. Basi na mimi nikamtazama. Wallahi nimemtazama. Nimezaa naye, nimezeeka naye, sijui mara ya mwisho nilimtazama lini."

"Na ulimwonaje?"

Tuneya alifikiri kwa dhati. "Ni Kuno tu," alisema. Kisha macho yakamjaa machozi, akayapangusa kwa mgongo wa mkono, akakasirika kwamba yamemtoka. "Mabega bado yapo, shoga. Yako palepale."

Huko uwanjani wanaume walikuwa wakipura na vumbi la makapi limeinuka. Tuneya alimgeukia tena, maana hakuwa mtu wa kuacha jambo nusu.

"Sasa niambie kweli, sisi wawili tu. Mahmud mwenyewe, hasa hasa, yukoje?"

Mwanatumu alijua. Safari hii alijua barabara, kuanzia kope hadi kidevu, na angeweza kumchorea kwa kidole mchangani. Alimtazama shoga yake, na makapi yaliyomganda shavuni, na macho yake yenye unyevu.

"Ni huyohuyo uliyemwona," alisema, na wakarudi kwenye kazi.